Kijana akituma picha kutoka Marseille: ifahamu siku ya matembezi ya mwanafunzi Ufaransa

Picha zinaingia kwenye simu Jumamosi jioni. Ya kwanza inaonesha vijana watano wamesimama chini ya dari la kioo, na kwenye kioo hicho wanaonekana wananing'inia vichwa chini kama popo. Ya pili ni bahari, boti nyeupe na anga lisilo na wingu. Ya tatu ni kanisa juu ya kilima, na juu ya kanisa kuna sanamu inayong'aa kama dhahabu. Chini ya picha kijana ameandika: "Leo tumetembea Marseille na wenzangu."

Nyumbani simu inapita mkono hadi mkono. Bibi anafurahi kumwona mjukuu wake ana afya. Mjomba anauliza kama kweli huko amekwenda kusoma. Mdogo wake, ambaye bado anadaiwa mchango wa shule, anauliza mbona kaka ana pesa ya kutembea lakini hana ya kutuma.

Maswali hayo yamewahi kuzigombanisha familia. Kwa hiyo tumeona tueleze siku kama hiyo inavyokwenda, saa kwa saa: mwanafunzi anapita wapi, anaona nini, analipia nini na nini ni bure. Tumechagua jiji la Marseille, kwa sababu lina historia inayogusana na pwani yetu kuliko wengi wanavyojua. Kijana tunayemfuata hapa ni wa mfano tu, lakini mahali anapopita ni pa kweli.

Marseille iko wapi

Marseille ni jiji la pili kwa ukubwa Ufaransa baada ya Paris. Lina wakazi wanaokaribia laki tisa. Liko kusini mwa nchi, kwenye pwani ya Bahari ya Mediterania. Ng'ambo ya bahari hiyo ni Algeria na Tunisia, yaani Afrika.

Ni jiji la zamani sana. Lilianzishwa takriban mwaka 600 kabla ya Kristo na mabaharia wa Kigiriki waliotoka Phocaea, mji ambao leo uko Uturuki. Wao waliliita Massalia. Tangu hapo limekuwa jiji la bandari, na kama ilivyo Mombasa au Unguja, watu wake wametoka kila upande: Italia, Armenia, Algeria, Tunisia, Senegal na Komoro.

Chuo kikuu cha eneo hilo kinaitwa Aix-Marseille. Kiliundwa mwaka 2012 kwa kuunganisha vyuo vitatu, na kina wanafunzi takriban 80,000. Baadhi ya vitivo viko Marseille kwenyewe na vingine viko Aix-en-Provence, mji mdogo ulioko karibu kilomita 30 kaskazini. Kijana wetu wa mfano anasoma Aix. Safari yake ya Marseille ni ya basi, na barabara ikiwa wazi haifiki saa moja.

Saa tatu asubuhi: ngazi za stesheni

Basi linawashusha kando ya stesheni ya treni ya Saint-Charles. Stesheni hii ilifunguliwa mwaka 1848, nayo iko mahali palipoinuka. Mbele yake kuna ngazi pana za mawe zenye vipandio 104 zinazoshuka hadi mjini. Ukisimama juu yake unaona mapaa ya jiji, na kwa mbali kilima chenye kanisa la dhahabu. Karibu kila mgeni hupiga picha yake ya kwanza hapa.

Ukipewa picha ya ngazi hizo, tazama vizuri pembeni. Kuna sanamu mbili za wanawake waliojilaza, moja ikiitwa Makoloni ya Afrika na nyingine Makoloni ya Asia. Ngazi na sanamu hizo ni za miaka ya 1920, wakati Marseille ilipokuwa mlango wa meli zinazokwenda kwenye makoloni ya Ufaransa. Jiji hili liliandaa maonesho makubwa ya makoloni mara mbili, mwaka 1906 na mwaka 1922. Leo wanafunzi kutoka nchi zilizokuwa makoloni hukaa kwenye ngazi hizo hizo wakila mkate. Hakuna kiingilio.

Saa nne: soko la Noailles na neno "marahaba"

Kutoka stesheni wanateremka kwa miguu hadi barabara kuu iitwayo Canebière, wanaivuka na kuingia mtaa wa Noailles. Hapa kuna soko ambalo kwa macho ya mtu wa Afrika Mashariki halina ugeni mkubwa. Meza zimejaa nyanya, binzari, mihogo, ndizi za kupika, tende na samaki wa chumvi. Wauzaji wananadi kwa sauti. Bei hapa ni nafuu kuliko madukani, ndiyo maana wanafunzi hununua matunda na mkate wa siku nzima kabla ya kuendelea.

Mswahili akitega sikio sokoni hapo anaweza kushtuka. Marseille ina jamii kubwa sana ya Wakomoro, makumi ya maelfu ya watu, kiasi kwamba wengine husema kwa mzaha kuwa ni mji wa Kikomoro kuliko Moroni. Wa mwanzo wengi wao walikuwa mabaharia waliofanya kazi kwenye meli za Kifaransa. Wengine walifuata hasa baada ya Komoro kupata uhuru mwaka 1975. Ni ndugu wa wale tunaowaita Wangazija, ambao Unguja na Mombasa tumeishi nao kwa vizazi.

Lugha yao ni jirani ya Kiswahili, na maneno mengi yanafanana. Lakini kuna mtego. Sisi tunasema "marahaba" kuitikia shikamoo. Mkomoro anasema "marahaba" anapokushukuru. Kwa hiyo kijana akilipia machungwa yake na mama muuzaji akamwambia "marahaba", asidhani ameamkiwa vibaya. Ameshukuriwa.

Mtaa huu una kumbukumbu nzito pia. Tarehe 5 Novemba 2018, nyumba mbili kuukuu za mtaa wa rue d'Aubagne, hatua chache kutoka sokoni, ziliporomoka asubuhi. Watu wanane walikufa. Baada ya hapo mamia ya majengo ya Marseille yalikutwa ni hatari na maelfu ya wakazi walihamishwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wengi nyumbani hudhani kila nyumba ya Ulaya ni imara na mpya. Ziko nyumba mbovu, na mara nyingi anayepanga humo ni mgeni mwenye kipato kidogo, mwanafunzi akiwa mmoja wao.

Saa tano: Bandari ya Kale na dari la kioo

Canebière inaishia kwenye maji. Hapa panaitwa Vieux-Port, maana yake Bandari ya Kale, na ndipo Wagiriki walipotia nanga miaka 2,600 iliyopita. Meli kubwa siku hizi hutumia bandari nyingine upande wa kaskazini. Humu zimebaki boti za starehe na mashua za wavuvi. Asubuhi wavuvi huuza samaki wao kwenye meza zilizopangwa ukingoni, wengine wakiwa hai bado. Mtu wa Mwanza, Kisumu au Lamu atauelewa mnada huo bila mkalimani.

Hapo pembeni ndipo lilipo lile dari la kioo. Ni paa kubwa la chuma lililong'arishwa, lenye urefu wa mita 46 na upana wa mita 22, lililoshikiliwa na nguzo nyembamba. Lilibuniwa na ofisi ya msanifu majengo Mwingereza Norman Foster na kuzinduliwa mwaka 2013, mwaka ambao Marseille ilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Kazi yake ni kutoa kivuli. Watoto, wazee na watalii husimama chini yake na kutazama juu, wakajiona wamepinduka. Hiyo ndiyo picha ya popo iliyomchekesha bibi. Na yenyewe ni bure.

Kutoka upande mmoja wa bandari hadi mwingine kuna pantoni ndogo. Umbali wake hauzidi mita 300, kwa hiyo safari huisha kabla hujakaa vizuri. Nauli yake ni ndogo, na mwenye pasi ya usafiri ya mjini hupanda kwa pasi hiyo.

Saa sita: kilima cha Mama Mwema

Kanisa lenye dhahabu linaitwa Notre-Dame de la Garde, yaani Bibi Yetu wa Ulinzi. Wenyeji, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, huliita kwa kifupi "Mama Mwema". Liko juu ya kilima chenye urefu wa takriban mita 150. Mahali hapo palikuwa na kikanisa kidogo tangu mwaka 1214. Kanisa la sasa lilitabarukiwa mwaka 1864. Sanamu ya Bikira Maria akiwa amembeba Mtoto ina urefu wa zaidi ya mita 11 na imepakwa jani jembamba la dhahabu, ambalo hupakwa upya kila baada ya miongo kadhaa.

Kuna basi linalopanda hadi juu. Wanafunzi wengi hupanda kwa miguu, karibu nusu saa ya mlima, ili wasilipe nauli.

Ndani ya kanisa kuna jambo ambalo familia ya wavuvi italielewa. Kutoka darini zinaning'inia meli ndogo za mfano, na kuta zimejaa vibao vya marumaru na michoro ya dhoruba. Ni shukrani za watu walioweka nadhiri. Baharia aliyenusurika kuzama, au mke ambaye mume wake alirudi salama, alileta meli ndogo au kibao kutimiza ahadi yake.

Nje, kwenye ukuta, kuna matundu ya risasi. Mwezi Agosti 1944 yalipiganwa hapa mapigano ya kuikomboa Marseille kutoka kwa Wajerumani. Sehemu kubwa ya wanajeshi walioikomboa walikuwa Waafrika wa kaskazini, kutoka Algeria na Moroko, waliopigana ndani ya jeshi la Ufaransa. Hatuoni jambo hilo kwenye picha ya kijana, lakini matundu yenyewe yapo nyuma ya bega lake.

Picha za juu ya kilima huonesha jua kali, na mtu wa nyumbani hudhani kuna joto. Tazama nguo zao. Kama wamefunga koti hadi shingoni, huenda ni siku ya mistral. Huo ni upepo baridi unaoteremka kutoka kaskazini kupitia bonde la mto Rhône. Hufagia mawingu yote, anga likawa la buluu kabisa, huku vidole vikiganda. Koti alilovaa kijana kwenye picha mara nyingi ni mtumba. Ufaransa nako kuna maduka ya mitumba, na wanafunzi ni wateja wao wakubwa.

Saa nane: chakula cha mchana

Mkahawa wa ukingoni mwa bandari si mahali pa mwanafunzi. Chakula maarufu cha Marseille ni bouillabaisse, mchuzi wa samaki wa aina kadhaa wenye zafarani. Asili yake ni sufuria la wavuvi, waliopika samaki wasiouzika. Leo kwenye mikahawa ya wageni sahani moja inaweza kumaliza bajeti ya chakula ya mwanafunzi ya wiki nzima. Kwa hiyo vijana wetu wanakaa kwenye benchi, wanafungua mifuko yao na kula mkate mrefu, jibini, nyanya na machungwa ya Noailles.

Siku za masomo hali ni nafuu. Serikali ina mabwalo ya chakula ya wanafunzi yanayosimamiwa na taasisi iitwayo Crous. Katika mwaka wa masomo 2024/2025 mlo kamili huko ulikuwa euro 3 na senti 30, na euro 1 kwa mwenye ufadhili wa serikali kwa ajili ya wasiojiweza. Lakini mengi ya mabwalo hayo hufungwa mwisho wa juma, na matembezi ni ya mwisho wa juma.

Saa tisa: mtaa wa Le Panier

Upande wa kaskazini wa bandari kuna Le Panier, mtaa mkongwe kuliko yote. Vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe wa Unguja, vina ngazi, nguo zimeanikwa madirishani, na kuta zimechorwa picha za rangi.

Lakini ukishuka kuelekea maji utaona majengo makubwa ya miaka ya 1950 yaliyopangwa sawasawa. Hapo ndipo mtaa ulipovunjwa. Januari na Februari 1943, wakati wa utawala wa Wajerumani, watu takriban 20,000 waliondolewa nyumbani mwao kwa msaada wa polisi wa Ufaransa, kisha majengo yapatayo 1,500 yakalipuliwa kwa baruti. Wayahudi wengi waliokamatwa siku hizo walipelekwa kwenye kambi za mauaji. Jengo la ofisi ya jiji, la karne ya 17, liliachwa, nalo bado limesimama ukingoni mwa bandari.

Katikati ya Le Panier kuna Vieille Charité, jengo la mawe ya rangi ya waridi lenye uwanja wa ndani na kikanisa cha kuba. Lilianza kujengwa mwaka 1671 ili kuwafungia maskini na ombaomba wa jiji. Sasa ni makumbusho, na ndani yake kuna vyumba vya sanaa ya Afrika. Makumbusho ya jiji la Marseille hayatozi kiingilio kwa maonesho yake ya kudumu. Kwa mwanafunzi mwenye mfuko mwepesi, huo ni mlango wazi.

Pale pale mtaani maduka huuza sabuni ya Marseille, na hapa ndipo historia ya jiji hili inapokutana na mashamba yetu.

Sabuni ya Marseille na ufuta wa pwani yetu

Sabuni ya Marseille ni kipande kizito cha mraba, ndugu wa sabuni ya mche tunayofulia. Mwaka 1688 serikali ya mfalme Louis XIV ilitoa amri kwamba itengenezwe kwa mafuta ya zeituni tu. Kwenye kipande huwa pamepigwa muhuri wa asilimia 72, yaani kiasi cha mafuta kilichomo.

Karne ya 19 viwanda vya sabuni viliongezeka, na mafuta ya zeituni hayakutosha. Wafanyabiashara wa Marseille wakatafuta mbegu za mafuta Afrika. Kutoka Senegal walichukua karanga. Kutoka Unguja na pwani ya Afrika Mashariki walichukua ufuta, na pia mbata, yaani nazi iliyokaushwa. Mwaka 1844 Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Ufaransa, na nyumba za biashara za Marseille zikaweka mawakala wao Unguja.

Maana yake ni kwamba ufuta uliopurwa na mkulima wa pwani ulisafiri hadi bandari hii, ukakamuliwa, na sehemu yake ikafulia mashuka ya Wafaransa. Faida kubwa ilibaki kwa mwenye kiwanda. Mkulima wa Lindi au Mtwara anayeuza ufuta leo bila kuukamua anaijua hadithi hiyo. Kijana akituma picha ya vipande vya sabuni vilivyopangwa dukani, huo ni wakati mzuri wa kumsimulia mdogo wake jambo hili.

Saa kumi na moja: ngome na machweo

Mdomo wa bandari una ngome mbili zinazotazamana, Saint-Jean na Saint-Nicolas. Zilijengwa miaka ya 1660 kwa amri ya Louis XIV. Zilikuwa za kulinda jiji dhidi ya adui wa baharini, na pia za kuwadhibiti wenyeji wenyewe, waliokuwa wamemwasi mfalme.

Ngome ya Saint-Jean sasa imeunganishwa kwa daraja jembamba la waenda kwa miguu na makumbusho ya kisasa yaitwayo Mucem, yaliyofunguliwa mwaka 2013 kuhusu tamaduni za Ulaya na Mediterania. Jengo lake limefunikwa kwa wavu wa zege kama kitambaa cha lesi. Maonesho ya ndani yana tiketi, lakini kuingia kwenye bustani za ngome na kuvuka daraja ni bure. Kwa hiyo jioni hapa hujaa vijana. Wanakaa ukutani na kutazama jua likizama.

Mbele yao baharini kinaonekana kisiwa chenye ngome nyeupe. Ni Château d'If, ambayo ilikuwa gereza. Mwandishi Alexandre Dumas aliipa umaarufu katika riwaya yake ya *Le Comte de Monte-Cristo*, kuhusu mtu aliyefungwa humo bila kosa. Kijana aliye chini ya miaka 26 anayeishi Ufaransa kihalali haombwi kiingilio cha ngome hiyo. Lakini hakuna njia ya kufika bila boti, na boti inalipiwa. Vijana wetu wanaitazama kutoka ukutani, wanapiga picha, na wanaiacha kwa siku nyingine.

Hesabu ya siku

Sasa tujumlishe. Ngazi za stesheni, soko, dari la kioo, kanisa, mitaa, makumbusho ya jiji, bustani za ngome na machweo: vyote havina kiingilio. Alicholipia kijana ni nauli ya basi, mkate, matunda, na pengine kikombe kimoja cha kahawa waliyokunywa kwa pamoja. Wengi huwa na pasi ya usafiri ya mwezi au mwaka yenye punguzo la vijana, kwa hiyo hata nauli huenda ilishalipwa.

Tupime hesabu hiyo na maisha yake ya kila siku. Mwanafunzi wa kigeni anayeomba viza ya Ufaransa hutakiwa kuonesha kwamba atakuwa na angalau euro 615 kwa mwezi. Ukizigawa kwa siku 30, ni euro 20 na senti 50 kwa siku. Ndani ya hizo kuna kodi ya chumba, chakula, simu, usafiri, vitabu na nguo za baridi. Vyumba vya hosteli za serikali ni nafuu lakini havitoshi wote, na anayepanga mtaani hutoa sehemu kubwa ya fedha hizo kwa mwenye nyumba.

Ada nayo haifanani kwa wote. Tangu mwaka 2019 wanafunzi kutoka nje ya Ulaya wamewekewa ada ya juu katika vyuo vya umma: ilipoanza ilikuwa euro 2,770 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza na euro 3,770 kwa shahada ya pili, ingawa vyuo kadhaa huwasamehe baadhi yao.

Je, anaruhusiwa kufanya kazi? Ndiyo, lakini si zaidi ya saa 964 kwa mwaka, ambazo ni kama saa 18 kwa wiki. Mwishoni mwa mwaka 2024 kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 11 na senti 88 kwa saa, kabla ya makato. Akipata kibarua cha saa 10 kwa wiki, ni kama euro 475 kwa wiki nne kabla ya makato. Ukizibadilisha kwa shilingi zinaonekana nyingi. Lakini yeye hanunui mkate kwa shilingi za nyumbani. Anaununua kwa euro, na bei za huko ni za huko.

Kwa hiyo tunamjibu mjomba: Jumamosi moja ya matembezi haioneshi kwamba kijana ameacha masomo. Na tunamjibu mdogo mtu: siku ile, hata angebaki chumbani, mchango wako wa shule usingepatikana kutokana na mkate na machungwa.

Picha inapofika

Picha huchagua. Kijana hapigi picha chumba chake chenye ukungu ukutani, wala mkono uliochubuka kwa kuosha vyombo hotelini, wala barua inayosema ada imechelewa. Hutuma kioo na bahari kwa sababu hataki nyumbani wahuzunike. Wapo wanaofanya hivyo hadi wanakosa chakula, huku familia ikiamini wanaogelea katika pesa.

Picha ikija, usianze na "tutumie". Muulize kwanza: umekula nini leo? Chumba chako kina joto? Uliongozana na nani? Hapo ndipo kijana hufungua moyo, na wewe utajua kama kweli ana cha kusaidia au anahitaji kusaidiwa.

Na wewe kijana uliyeko huko, andika maneno zaidi ya moja chini ya picha. Sema kwamba mlipanda kilima kwa miguu, kwamba mlikula mkate kwenye benchi, kwamba makumbusho yalikuwa bure. Hutapunguza furaha ya picha. Utampunguzia mama usiku wa maswali.

Mwisho, tahadhari. Picha hizi nzuri hutumiwa pia na matapeli wanaowaahidi vijana wa vijijini chuo au kazi Ufaransa kwa malipo ya haraka kwenye simu. Njia halali ya kuomba masomo hupitia chuo chenyewe, ubalozi wa Ufaransa, na Campus France, taasisi ya serikali ya Ufaransa inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni. Anayekuonesha picha ya bahari na kukudai pesa leo leo, mwombe kwanza barua ya chuo, kisha ihakiki kwa chuo chenyewe kabla hujauza mbuzi.